Mhunzi naye ana jina

Tangu TANU ilipoamua mwaka 1973 kwamba makao makuu ya nchi yahamie Dodoma, na hasa tangu Serikali ilipoanza kuhamia huko kwa dhati mwaka 2016, mji huo umejaa nyumba mpya. Mwaka 2018 ulipewa hadhi ya jiji, na watumishi wa umma na walimu kutoka kila pembe ya nchi wamefanya maskani yao hapo. Katika kila jiko la nyumba hizo mna visu. Aghalabu ni visu vya bati jembamba vyenye mipini ya plastiki, vilivyofika kutoka ng'ambo kwa makasha. Mwezi wa kwanza hupinda, mwezi wa pili hupoteza makali, na kabla ya mwaka kwisha huwa vimekwisha kutupwa jalalani. Anayevinunua hajui vilitengenezwa na nani, wala haoni sababu ya kuuliza.

Mbali kidogo na nyumba hizo, katika minada ya mifugo na katika vijiji vya Kanda ya Kati, wako wahunzi ambao wangali wanafua visu, mapanga, mashoka na mikuki kwa nyundo na moto wa mkaa. Kazi yao hununuliwa na wachungaji, wachinjaji na wakulima, watu ambao hawawezi kufanya mzaha na makali ya chombo kwa sababu riziki yao imo humo. Mtumishi wa ofisini hupita mbele ya mhunzi huyo akielekea kununua nyama ya kuchoma, humtupia jicho kama mtu atazamavyo kitu cha zamani, kisha huenda zake.

Tabia hiyo ya kupita tu ndiyo inayostahili kujadiliwa. Watu wenye elimu wasipoweza kutofautisha kisu kilichofuliwa vema na kisu kilichofuliwa ovyo, sehemu ya elimu ya taifa imekwisha kupotea mikononi mwao. Dawa yake haihitaji bajeti wala kamati. Mwananchi mwenye mshahara anunue kisu kwa mhunzi aliye hai, ajifunze kukipima, akitunze, na aandike jina la aliyekifua. Kukusanya visu kwa namna hiyo si anasa. Ni njia ya kumlipa fundi haki yake na ya kuhifadhi ujuzi ambao ukizikwa hautafukuliwa.

CHUMA SI MGENI

Wapo wanaodhani kwamba ufundi wa chuma uliletwa na meli za Wazungu. Dhana hiyo ni kasumba, na ushahidi wa kuipinga umo ardhini. Katika milima ya Irangi, wilayani Kondoa, hasa upande wa Haubi, yameonekana mabaki ya mavi ya chuma yaliyoachwa na watu walioyeyusha mawe ya chuma hapo kabla ya ukoloni. Ufipa walijenga matanuru marefu kupita kimo cha mtu, yaitwayo malungu, ambayo yalivuta upepo yenyewe bila mivukuto. Upareni, ukoo wa Washana wa Ugweno ulisifika kwa uhunzi, na historia iliyoandikwa na Isaria Kimambo mwaka 1969 inaeleza kwamba ukoo huo wa wahunzi ndio uliotawala Ugweno kabla ya kupinduliwa na Wasuya. Majembe yaliyofuliwa na Warongo wa Buzinza, kusini magharibi ya Ziwa Viktoria, yalibebwa hadi Unyamwezi, na katika sehemu nyingi za bara jembe la chuma lilipokelewa kama fedha na kama mahari.

Mwaka 1978 watafiti wawili, Peter Schmidt na Donald Avery, waliandika katika jarida la Science kuhusu uyeyushaji wa chuma magharibi ya Ziwa Viktoria. Wazee wa Kihaya ambao waliikumbuka kazi hiyo tangu ujana wao walijenga upya tanuru, wakawasha moto, wakatoa chuma chenye kaboni, yaani chuma kinachoweza kutiwa makali yakadumu. Uchimbaji uliofanywa katika eneo hilo ulionyesha kwamba matanuru ya aina hiyo yalikuwako tangu miaka ipatayo elfu moja na mia tano iliyopita au zaidi. Wataalamu wamebishana kuhusu kiasi cha joto lililofikiwa ndani ya tanuru. Hawakubishana kwamba wazee wale walijua walichokuwa wakikifanya.

Kilichouvunja ufundi huo ni biashara ya kikoloni. Reli ya Kati ilifika Dodoma mwaka 1910, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Mabehewa yaliyokwenda pwani na pembe na ngozi yalirudi bara na majembe na visu vya viwanda vya Ulaya. Kuyeyusha mawe ya chuma ni kazi ya siku nyingi, ya watu wengi na ya magogo mengi ya mkaa, nayo haikuweza kushindana kwa bei na chuma kilichotoka kiwandani. Walter Rodney, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1972 jinsi biashara ya Ulaya ilivyokata maendeleo ya ufundi wa Kiafrika kabla haujafika mahali ambapo ungefika kwa nguvu zake wenyewe.

Yafaa ieleweke, hata hivyo, kwamba kilichokufa ni uyeyushaji. Ufuaji haukufa. Mhunzi aliacha kutafuta mawe ya chuma mlimani, akaanza kutafuta chuma chakavu barabarani na relini. Kisu cha mhunzi wa leo hutokana na bapa la springi ya lori lililovunjika au na tupa iliyochakaa. Mtu asiyejua huweza kukidharau kwa asili yake hiyo. Mwenye kujua huona humo akili ya fundi ambaye njia moja ilipozibwa alipata nyingine.

KAZI YENYEWE

Heshima ya kweli kwa kazi ya mtu huanza na kuielewa. Anayetaka kukusanya visu na asijue vinavyofuliwa atadanganywa na mpini unaong'aa.

Jambo la kwanza ni kuchagua chuma. Nondo ya ujenzi hufulika kwa urahisi, lakini haina kaboni ya kutosha, na kisu cha nondo hakikai makali hata kinolewe namna gani. Springi ya lori imetengenezwa kwa chuma kigumu chenye kuvumilia kupindwa, na ndiyo sababu wahunzi huipenda. Tupa ina kaboni nyingi zaidi, hutoa makali makubwa sana, lakini ni rahisi kukatika ikianguka juu ya jiwe. Mhunzi mzuri hutambua chuma kwa cheche zake kikiguswa na jiwe la kunolea, au hukata kipande kidogo, hukitia moto, hukizamisha majini na kukivunja ili aone punje za ndani. Hana maabara, lakini ana jicho.

Jambo la pili ni moto. Chuma cha kufuliwa huwekwa makaani huku mivukuto ikipulizwa hadi kipate rangi ya chungwa. Kikipungua joto kikaendelea kupigwa, huingia nyufa. Kikizidi joto kikaanza kutoa nyota kama za fataki, kimeungua, na hakuna dawa ya kukiponya. Kwa hiyo karakana ya mhunzi mara nyingi huwa kivulini au chini ya paa lenye giza kidogo. Wapita njia hudhani anakimbia jua, kumbe anatafuta giza la kumwezesha kuisoma rangi ya chuma, maana kwenye jua kali rangi hiyo haionekani sawasawa.

Jambo la tatu ni nyundo. Upande wa makali unapopigwa ili uwe mwembamba, chuma hutanuka upande huo, na kisu kizima hujikunja kuelekea mgongoni. Mwanagenzi hushangaa na kuanza kukinyoosha kwa nguvu. Fundi aliyekomaa hukipinda kwanza kinyume, kabla ya kuanza kupiga makali, ili kijinyooshe chenyewe kadiri kazi inavyoendelea. Ujuzi wa namna hiyo haumo vitabuni. Umo katika miaka ya kukaa karibu na fuawe, kukosea, na kukaripiwa na mwalimu.

Jambo la nne, ambalo ndilo roho ya kisu, ni kukipoza. Kisu kilichokwisha kufuliwa hurudishwa motoni hadi kiwe chekundu, kikifikia joto ambalo sumaku haikivuti tena, kisha huzamishwa katika mafuta au maji. Maji huleta ugumu upesi lakini huweza kukipasua. Mafuta huenda polepole na kwa usalama zaidi. Baada ya hapo kisu huwa kigumu na chepesi kuvunjika kama kioo, na mhunzi asiye na subira huishia hapo. Fundi hasa hukitia moto mdogo mara ya pili na kutazama rangi zinazopita juu ya uso wa chuma kilichosuguliwa: manjano ya majani makavu, kisha hudhurungi, kisha zambarau, kisha buluu. Kwa kisu cha kukatia hukomea kwenye manjano. Kwa panga la kufyekea huacha rangi iendelee mbele ili chuma kiwe na ustahimilivu. Tofauti kati ya kazi bora na kazi ya bure huamuliwa katika dakika hizo chache.

Mwisho ni mpini na ala. Msuka wa kisu, ule mkia unaoingia mpinini, uwe mrefu wa kutosha, la sivyo kisu kitachomoka siku ya kazi nzito. Mpini wa mpingo au wa pembe ya ng'ombe hupendeza na hudumu, lakini hata mti wa kawaida hufaa ukikaushwa vema. Ala ya ngozi ishonwe kwa kipimo cha kisu chenyewe, kiingie bila kulazimishwa na kisitoke kikigeuzwa juu chini.

Basi anayenunua akishike kisu na kukitazama kwa urefu kutoka mpinini, kama mtu alengaye, aone kama mgongo umenyooka. Akilaze juu ya kidole karibu na mpini, aone uzito umeangukia wapi. Akigonge kwa kucha, asikie kama kinalia sauti moja safi au kinakwaruza kama chungu chenye ufa. Atazame pale mpini unapokutana na chuma, maana fundi mvivu huficha makosa yake hapo. Kisha akate nacho. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, lakini hata kizuri huhitaji mnunuzi mwenye macho.

JINA LA FUNDI

Mwaka 1911 daktari wa jeshi la Kijerumani, Heinrich Claus, alichapisha Berlin maandishi yake juu ya Wagogo. Enzi hiyo hiyo, vitu vya watu wa nchi hii, silaha, ngoma, vigoda, mapambo na vyombo, vilisafirishwa kwa maelfu hadi majumba ya makumbusho ya Ujerumani. Baadhi vilinunuliwa, vingine vilichukuliwa kwa nguvu, hasa wakati wa vita. Taarifa zilizoandikwa kuhusu vitu hivyo aghalabu zilitaja jina la Mzungu aliyevipeleka na jina la kabila. Mtu aliyekifua kisu, aliyeketi jua na mvua mbele ya moto, hakutajwa. Ikawa kana kwamba kabila zima lilishika nyundo moja.

Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, aliomba radhi mjini Songea kwa maovu ya utawala wa kikoloni, na mazungumzo kuhusu urithi uliochukuliwa yanaendelea. Madai hayo ni ya haki. Lakini hata vitu vyote vikirudi kesho, majina ya waliovitengeneza hayatarudi pamoja navyo, kwa sababu hayakuandikwa. Hasara hiyo haiwezi kulipwa na Berlin. Inaweza tu kuzuiwa isitokee mara ya pili, na wa kuizuia ni wananchi wenyewe.

Mataifa mengine yalikwisha kulitambua jambo hilo. Mjini Sheffield, Uingereza, chama cha wafua visu kilichoanzishwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1624 kiliandikisha alama ya kila fundi, na hakuna aliyeruhusiwa kuitumia alama ya mwenzake. Japani ilipitisha sheria ya kulinda mali za utamaduni mwaka 1950, na mwaka 1955 mfua panga Takahashi Sadatsugu akatangazwa kuwa hazina hai ya taifa. Oman ilifanikiwa mwaka 2022 kuingiza ufundi wa khanjari yake katika orodha ya UNESCO ya urithi wa utamaduni usioshikika. Marekani, ambako kukusanya visu vilivyotengenezwa kwa mkono ni shughuli ya watu wengi, wafua visu waliunda chama mwaka 1970 na kingine cha wanaofua kwa moto na nyundo mwaka 1976. Katika chama hiki cha pili, anayetaka kutambuliwa kuwa bingwa hufua kisu kimoja na kukijaribu mbele ya bingwa mwingine. Kisu hicho hukata kamba inayoning'inia kwa pigo moja, hukata ubao mara mbili, kisha kikiwa bado na makali hunyoa nywele za mkono, na hatimaye hubanwa na kupindwa hadi pembe mraba bila kukatika vipande viwili. Mhunzi wa Kanda ya Kati hahitaji kwenda Marekani kufanya mtihani huo. Wachinjaji wa mnada wa Msalato humfanyia kila wiki. Kinachokosekana ni mtu wa kuandika matokeo.

Vijijini kwingi mapanga ya Birmingham yenye chapa ya mamba yalijulikana kwa chapa hiyo kabla mtu hajajua hata Birmingham iko wapi. Mamba wa Mwingereza alikuwa na jina, na mhunzi wa kijijini akabaki bila jina. Na hata katika sanaa nyingine za Ugogo hali si hiyo. Marehemu Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, alisafiri duniani na ilimba na zeze, na jina lake halitasahaulika. Vijiti vya ilimba ni vya chuma, hupigwa nyundo viwe vyembamba au vinene hadi sauti ikae mahali pake. Mkono unaofanya kazi hiyo ni ndugu wa mkono unaofua kisu. Mmoja amepewa heshima yake, na mwingine hana budi kupewa.

HOJA ZA WAPINZANI

Wako watakaosema kwamba kukusanya visu ni mchezo wa matajiri. Ni kweli kwamba wako watu duniani wanaolipa fedha nyingi kwa kisu ambacho hakitakata hata kitunguu. Hiyo si sababu ya mwalimu wa Mpwapwa au karani wa Manyoni kukosa kisu kimoja kizuri. Mtu anayenunua visu vitatu vya plastiki kila mwaka kwa miaka 10 amenunua visu 30 na hana hata kimoja. Angelinunua kimoja kwa mhunzi, angekuwa nacho, na angeweza kumrithisha mwanawe.

Wengine watasema kisu ni silaha. Kisu kinachoning'inia ukutani kwa mwalimu hakimdhuru mtu, na anayetaka kudhuru hakosi chombo. Lakini busara ni lazima: kihifadhiwe ndani ya ala, mbali na watoto, na kisibebwe hadharani bila kazi.

Wengine, kwa hoja yenye uzito zaidi, watauliza kuhusu mkaa. Kondoa inajua gharama ya kukata miti. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianzishwa mwaka 1973 kwa sababu ya makorongo yaliyoichimba ardhi hiyo, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa katika eneo lililoharibika zaidi. Mhunzi asisamehewe kukata miti ovyo kwa kuwa tu kazi yake ni ya asili. Lakini anayefua chuma chakavu hatumii mkaa kama aliyeyeyusha mawe, na tanuru la gesi lililo dogo na la bei nafuu si jambo lisilowezekana. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, lililoanzishwa mwaka 1973, lina wajibu wa kumfikia mhunzi kwa mambo ya namna hiyo kama linavyomfikia mkamua alizeti.

Yako pia maoni kwamba kiwanda kitafanya yote hayo kwa wepesi zaidi. Kiwanda cha Zana za Kilimo cha Ubungo, kilichojengwa kwa msaada wa China, kilitengeneza majembe na mapanga kwa miaka mingi, kisha kikanyamaza. Nchi inahitaji viwanda, na mkulima anahitaji jembe la bei ndogo. Lakini kiwanda kikifungwa, ujuzi hutawanyika na mashine huwa chakavu, ilhali mhunzi huinuka asubuhi na kuwasha moto. Vyote viwili vina nafasi, na kimoja kisitumiwe kumdharau mwingine.

Hoja ya mwisho haisemwi kwa sauti, nayo ndiyo mbaya kuliko zote: kwamba uhunzi ni kazi ya watu wa chini. Dharau hiyo ni ya zamani. Wamaasai waliwatenga wahunzi wao, Ilkunono, wala hawakuoana nao. Wadatoga, ambao wengi huwaita Wamang'ati, wana ukoo wao wa wahunzi, Gidang'odiga, nao huoana wao kwa wao. Wahadzabe wa Bonde la Eyasi wamebadilishana asali na vyuma vya Wadatoga, na wote walikula kwa makali ya watu waliotengwa. Leo watalii hufika Mang'ola, karibu na Ziwa Eyasi, kuwatazama wahunzi hao wakiyeyusha makufuli mabovu na kufua vikuku na visu, na hununua. Mgeni kutoka mbali huona thamani ambayo jirani haioni. Hata hivyo mgeni huyo naye aghalabu huondoka na kisu bila jina.

WAJIBU WA WENYE KALAMU

Mtumishi wa umma na mwalimu wana kitu ambacho mhunzi wengi hawana muda nacho, yaani kalamu na daftari. Mathias Mnyampala, mzaliwa wa Ugogo, alikuwa mwalimu na kisha mtumishi wa serikali. Hakungoja mtaalamu kutoka ng'ambo. Alikusanya habari za watu wake na mwaka 1954 kikachapishwa kitabu chake cha historia, mila na desturi za Wagogo. Mfano huo unatosha. Mwenye kisu aandike katika daftari jina la mhunzi, kijiji chake, aliyemfundisha, chuma kilichotumika, mti wa mpini, na mwezi na mwaka wa kununuliwa. Mhunzi mwenyewe aombwe kupiga alama yake karibu na msuka, na aelezwe kwa nini. Daftari la namna hiyo, likiwa na kurasa 20 tu, lina thamani kuliko sanduku la visu visivyo na habari.

Mkusanyaji ajiwekee na miiko. Asinunue mkuki wa babu kutoka kwa kijana mwenye shida ya ada, wala kitu kilichotoka kaburini au mahali pa tambiko. Vitu vya kale vina sheria yake tangu mwaka 1964, na mahali pake ni kwenye jamii yake au kwenye makumbusho ya taifa. Anunue kazi mpya ya mtu aliye hai. Asibishane bei hadi fundi auze kwa hasara, maana anayemlipa mhunzi bei ya bati atarudishiwa bati. Afadhali aagize kisu mapema, aeleze kitakatia nini, atoe malipo ya kwanza, na angoje. Kisu kilichoagizwa kwa kazi maalumu humpa fundi nafasi ya kuonyesha akili yake yote.

Shule nazo zina nafasi yao. Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilitaka mikono na akili vifundishwe pamoja, na mitaala mipya iliyoanza kutumika mwaka 2024 imeleta mkondo wa amali katika sekondari. Mwalimu wa kemia anayefundisha kaboni na chuma ubaoni anaweza kumwalika mhunzi wa kijiji akaja na mivukuto yake. Wanafunzi wataona kwa macho yao rangi za chuma zikipita, na watajua kwamba yule mzee wanayempita njiani kila siku ni mwalimu pia. Ofisi za umma, ambazo humuaga mstaafu kwa saa ya ukutani iliyotoka ng'ambo, zingeweza kumuaga kwa kisu cha kazi, chenye mpini wa mpingo na ala ya ngozi, kilichofuliwa wilayani humo humo, na jina la fundi likasomwa mbele ya watu pamoja na jina la mstaafu.

Hakuna agizo linalohitajika ili mambo hayo yaanze. Wahunzi wengi wa Kanda ya Kati wamezeeka, na vijana wao wanaendesha bodaboda kwa sababu hakuna anayewaambia kwamba nyundo ya baba ina soko na ina heshima. Kijana hatashika nyundo kwa kusifiwa katika sherehe za utamaduni mara moja kwa mwaka. Ataishika akiona watu wenye mishahara wakija kumtafuta baba yake kwa jina, wakingoja kazi yake, na kuilipa inavyostahili. Jumamosi hii moto utawashwa kwenye karakana nyingi kati ya Kongwa na Iramba. Atakayekwenda na daftari atamkuta fundi, na hatakosa la kuandika.